Kona ya Mama Mkwe

Watu wakisikia kwamba Lubumbashi tuna mbio za farasi wanaovuta vigari, kwanza hucheka, halafu huuliza kama ni za Wazungu. Si za Wazungu. Wazungu walituachia uwanja uliojaa majani na bomba moja la maji linalovuja. Mengine yote tumeyafanya wenyewe, sisi watu wa Jumapili: mwenye duka la dawa, mwalimu wa shule ya msingi, dereva mstaafu wa treni, daktari wa mifugo, na mimi.

Uwanja uko nyuma ya uwanja wa ndege wa Luano. Ndege ikishuka, farasi wageni hutetemeka na wenyeji huendelea kutafuna. Njia yenyewe tuliimwagia udongo wa kichuguu, tukaushindilia mpaka ukawa mgumu na mwekundu kama sakafu ya jikoni kwa bibi. Kigari tunakiita sulki: kiti kimoja, magurudumu mawili ya pikipiki na vyuma viwili vya kumfunga farasi katikati. Dereva hukaa chini sana, miguu imenyooshwa mbele, mkia wa farasi karibu umpige mdomoni. Hakuna anayelipwa. Anayeshinda hupewa utepe na sahani ya kwanza ya bukari, yaani ugali wetu, basi.

Mimi ndiye mwenyekiti wa waamuzi. Nilifundisha hesabu sekondari mpaka nikastaafu, na marehemu mume wangu ndiye aliyenitia kwenye mambo haya. Alipofariki watu walidhani nitabaki nyumbani Makomeno nikiangalia picha yake ukutani. Aka! Picha naiangalia jioni. Jumapili niko uwanjani na fulana yangu ya manjano, na wanaoniita Mama Prezida kwa heshima ni wale wale wanaonisema nikigeuza mgongo. Najua. Mtu anayetoa adhabu hapendwi, na mimi sikwenda pale kutafuta mapenzi.

Adhabu zetu nyingi ni za jambo moja: kuendesha kwa uzembe. Kwenye kona, sulki ikielemea ndani bila dereva kuangalia nani yuko pembeni, gurudumu linashika gurudumu la mwenzake, na hapo mtu anaruka. Kosa la kwanza ni onyo. La pili, unakaa nje Jumapili moja. La tatu, chama kinakunyang'anya farasi mpaka msimu uishe, kwa sababu farasi wote ni wa chama. Sheria hiyo niliiandika mimi mwenyewe, na nilijisifu kwamba haina mlango wa nyuma.

Sasa kulikuwa na mkwe wangu.

Mume wa binti yangu ni fundi wa umeme, mtu mpole, mzaliwa wa mjini hapa kama mimi. Lakini yeye na sisi sote asili yetu ni Kasai, na kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawaangaliani usoni; mkwe na heshima yake, vyote tunaviita bukwe. Hawapeani mikono, hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Mpaka mbuzi atolewe na wazee wakae, ndipo jambo hilo hulegezwa. Vijana wengi wa leo wanalicheka. Huyu hakulicheka hata siku moja. Tangu amuoe binti yangu hajanitazama, na mimi sijamtazama. Tukiwa sebule moja, yeye anaangalia mlango na mimi naangalia televisheni, na binti yangu anakaa katikati kama simu.

"Umuambie mama, chai iko tayari," anasema mkwe.

"Umuambie bwana yako, nimesikia," nasema mimi.

Binti yangu alikuwa anachoka. Mara nyingi alisema, "Mama, mutoe huyo mbuzi, mumalize." Lakini kila mwaka kulikuwa na msiba, au ada za shule, au ndugu yangu mkubwa alikuwa safarini, na mbuzi akaendelea kuishi. Mimi binafsi sikuona tabu. Nilimjua mkwe wangu kwa sauti na kwa viatu vyake, na nilimpenda. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri vingine.

Alichopenda yeye duniani, baada ya mke na mtoto, ni farasi mmoja jike. Aliletwa kutoka upande wa Zambia, akashushwa Sakania kutoka kwenye behewa, mbavu nje, anauma kila mkono. Hakuna aliyemtaka. Mkwe wangu akasema atamjaribu. Kila alfajiri kabla ya kazi alipanda baiskeli mpaka Luano kumlisha, kumwosha, kumzoesha lijamu taratibu. Baada ya misimu miwili ya mvua yule farasi alikuwa akikimbia troti safi, miguu inakanyaga kwa mpigo mmoja, na akisikia baiskeli ya mkwe wangu analia. Binti yangu aliwaambia watu kwamba ana mke mwenza mwenye miguu minne.

Miaka ile yote nilikuwa naketi kwenye jukwaa la kumalizia, mbali na kona. Mwaka huu mwamuzi wetu wa kona ya pili akahamia Sakania kufanya biashara ndogondogo mpakani, na hakuna aliyetaka kusimama kule kwenye vumbi. Nikasema nitasimama mimi. Kazi yenyewe ni rahisi: unasimama ukingo wa nje, wakipita vizuri unainua bendera nyeupe, kukiwa na tatizo unainua nyekundu.

Na mwaka huu huu, mkwe wangu akaanza kuendesha vibaya.

Mara ya kwanza, sulki yake iliingia ndani kwenye kona ya pili, ikamkwaruza mwalimu. Mwalimu akalalamika, mkwe akakiri, akapewa onyo. Mara ya pili, kona ile ile, akambana mwenye duka la dawa mpaka farasi wake akasimama. Akakaa nje Jumapili moja. Niliumia, na nilikasirika pia. Mtu makini namna ile, nini kimempata? Nikamuuliza binti yangu kama nyumbani wanagombana. Akaniambia, "Mama, shiye tuko salama. Labda ni uwanja wenu."

Mara ya tatu nilisikia chuma kikisaga chuma, kisha sauti ya mtu anayeanguka, sauti nzito kama gunia la makaa. Nilipoangalia, mwenye duka la dawa alikuwa chini kwenye udongo mwekundu ameshika bega, farasi wake anaondoka na sulki tupu. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Nikainua bendera nyekundu.

Sote tulijua maana yake. Ni kosa la tatu, na huyo farasi wa Sakania angepewa mtu mwingine.

Shauri tulilisikiliza Jumapili iliyofuata, chini ya kibanda cha mabati karibu na mazizi, meza ya plastiki na viti vitatu: mimi katikati, daktari wa mifugo kulia, dereva mstaafu wa treni kushoto. Sheria yangu inasema mshitakiwa husimama mbele ya mwenyekiti na kumjibu. Mkwe wangu akaja akasimama, lakini alisimama ubavu, uso kwenye pipa la maji. Mimi nikaangalia mikono yangu. Mtu mgeni angedhani mmoja wetu analishitaki pipa.

Mwenye duka la dawa alikuja mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni. Ni mtu wa hapa hapa, familia yao ilikuwepo kabla ya migodi, na ana mdomo.

"Miye sitaki mambo mingi," alisema. "Alinikata. Nilikuwa pembeni yake, alikuja juu yangu kama hanioni. Sasa ajibu."

"Ni kweli," mkwe wangu aliliambia pipa. "Nilimukata. Iko kosa yangu."

"Juu ya nini ulimukata?" daktari akauliza.

Aliliangalia pipa.

"Farasi alishituka?"

"Hapana."

"Ulitaka kushinda?"

"Hapana, daktari."

"Sasa nini?"

Hakujibu. Nilianza kuwaka moto moyoni. Ongea, bwana! Unapoteza farasi uliyemfufua, na unakaa kimya kama mtoto aliyevunja sahani! Lakini sikuweza kumwambia hivyo, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumtuma.

Mwenye duka la dawa ndiye aliyegeuka upande wangu. "Mama Prezida, tusipoteze wakati. Weye njo ulikuwa pale mu kona. Sema tu yenye uliona, tumalize."

Nikafungua mdomo kusema nilichoona. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa na kitu cha kusema.

"Sikuona," nikasema.

"Namna gani hukuona? Ulikuwa karibu kama kutoka hapa mpaka ku ile pipa!"

"Nilikuwa nimegeuka."

"Umegeuka juu ya nini, mama? Kazi yako ni kuangalia!"

Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, lakini siku ile niliinamia meza ya plastiki. "Bukwe wangu alikuwa anapita," nikasema.

Kisha dereva wa treni akageukia mkwe wangu polepole, kama mtu anayeangalia kama reli imefungwa. "Na weye, mwana? Ulipofika pale, ulikuwa unaangalia wapi?"

Mkwe wangu aliinamisha kichwa. "Ndani," akasema. "Ku uzio wa ndani. Nikiona ile fulana ya manjano, shingo inageuka yenyewe. Mikono inafuata shingo, na farasi anafuata mikono." Akalishika pipa ukingo. "Sikutaka kusema. Ningesema, ingekuwa ni kumuweka mama mu maneno."

Mzee wa treni alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua kofia na kujipangusa macho, na daktari naye akacheka, na hata mwenye duka la dawa alicheka, huku akishika bega na kusema, "Ayi, ayi, mutaniumiza tena." Sikucheka. Nilikuwa na hasira na wote: na mkwe kwa kunisitiri mpaka ajiumize, na wazee wetu wa zamani ambao hawakuwahi kuona kona wala sulki, na mimi zaidi.

Tukapiga kura. Mzee wa treni alisema asamehewe, kwani hiyo ni heshima, si uzembe. Daktari alisema mfupa uliovunjika hauulizi ni heshima au ni uzembe, dereva macho yake ni ya njia. Kura moja kila upande. Wote wakaniangalia.

Nilimpenda huyo mkwe, nimeshasema. Lakini nilifikiri: nikimwachia, Jumapili ijayo nitamwadhibu nani tena? Na daktari alikuwa na haki. Nikasema achukuliwe farasi. Mkwe wangu aliliitikia pipa kwa kichwa, akaenda zizini, akavua hatamu, akaitundika mahali pake. Farasi alimfuata mpaka mlangoni.

Mimi nikajiondoa kwenye kona, nikarudi jukwaani. Binti yangu hakuja kwangu wiki ile, na mjukuu hakuletwa. Nilipopiga simu alisema maneno machache tu: "Umemunyang'anya, mama. Na unajua alinyamaza juu yako." Nikakata simu nikalia. Nililia kwa uchungu hasa.

Farasi alipewa mwalimu, mwanamke mwenye mikono mizuri kuliko sisi wote. Jumapili yake ya kwanza alitoka vizuri, kona ya kwanza vizuri. Kona ya pili ilikuwa tupu, bila mwamuzi, bila fulana ya manjano, kuna majani tu. Na pale pale, yule farasi akageuza shingo ndani kwa adabu kubwa, akaelemea uzio. Mwalimu alimvuta kwa nguvu zote ndipo wakapona. Mzunguko wa pili, vile vile.

Mwalimu akashuka vumbi usoni, lakini utani haukumwisha. "Mama Prezida, huyu farasi bamemufunza bukwe! Ata kama hauko, anakuheshimu!"

Watu waliangua kicheko. Mkwe wangu alikuwa amesimama mbali, kwenye uzio. Niliangalia viatu vyake. Havikutikisika.

Kicheko kiliisha haraka, maana farasi anayeelemea ndani hana nafasi uwanjani, ataua mtu. Mwenye tanuri la matofali njia ya kwenda Kasumbalesa alikuwa ameshaomba mnyama wa kuvuta matofali. Daktari alisema kwa huzuni kwamba hakuna njia nyingine, atauzwa Jumatatu, si kesho bali ile inayofuata. Yule farasi, kwenye vumbi la tanuri, na mbavu zile zitoke tena nje.

Mzee wa treni ndiye aliyesema, "Aliyemufunza amufunzue." Akataka mkwe apewe jaribio moja, Jumamosi, mbele ya waamuzi. Wakinyooka kwenye kona, adhabu ifutwe na farasi abaki naye. Wasiponyooka, matofali.

Sote tulimtazama mwenye duka la dawa, kwa sababu bega ni lake. Alijikuna kidevu. "Miye nakubali," akasema. "Lakini mama asimame pale pale, na fulana yake. Kama anaweza kupita mbele ya mama, anaweza kupita mbele ya kila mutu."

Usiku... hapana, jioni ile ile, nilimpigia simu ndugu yangu mkubwa aliyeko Mbuji-Mayi, nikamweleza yote.

"Kwanza mbuzi," alisema. "Halafu macho."

"Kaka, farasi anauzwa Jumatatu."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi atakuja. Nakuapia atakuja. Lakini siwezi kumleta na kuwakusanya wazee wote kabla ya Jumamosi."

"Weye umekuwa kichwa ngumu tangu utoto," akasema, akakata. Nilichukulia kwamba amekubali.

Jumamosi asubuhi hapakuwa na upepo. Nilisimama kwenye kona ya pili na fulana yangu na bendera zangu mbili. Binti yangu alikuja, akasimama karibu na mzee wa treni bila kunisalimia, mtoto mgongoni. Kwa mbali nikasikia sulki ikianza.

Kwato zilikuja, pa, pa, pa, pa, troti safi kabisa. Nikajiambia nisigeuke. Na kwa kweli sikugeuka, lakini nilishusha macho, nikaona magurudumu tu. Magurudumu yakaingia ndani. Chuma kikakwaruza uzio, rangi nyeupe ikaruka. Walipita. Nilimsikia binti yangu akisema, "Ee Mungu."

Ulibaki mzunguko mmoja.

Nilikasirika, nawaambia, mpaka miguu ikawa ya moto. Nikatoka kwenye majani, nikasimama ukingoni kabisa mwa njia. Alipotokea upande wa pili, shingo imeshaanza kwenda, nikampigia kelele. Maneno yangu ya kwanza kwake tangu aoe kwetu, bila mtu wa katikati:

"Weye! Niangalie miye! Hauko mu sebule, uko mu barabara! Inua kichwa!"

Akainua kichwa. Na mimi nikainua changu.

Alikuja moja kwa moja, mikono imetulia, farasi masikio mbele, na macho yake yakiwa kwangu. Hakuyatoa. Yalikuwa makubwa, mazito kidogo kwenye kope, kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi na hana kinyongo na aliyemwamsha. Niliyajua macho yale. Nimeyaosha asubuhi, nimeyapangusa machozi, nimeyafunga kwa nyimbo. Tangu mjukuu wangu azaliwe nimewaambia watu wote Makomeno, kanisani, sokoni, kwamba mtoto huyu amechukua macho ya marehemu mume wangu, na binti yangu alikuwa anatabasamu tu ananiacha niseme, kwa sababu yeye alijua ni ya nani.

Walipita kwenye kona wamenyooka, gurudumu mbali na uzio. Nilibaki nimesimama na vumbi lao usoni.

"Mama!" mzee wa treni alikuwa anapiga kelele. "Mama Prezida, bendera!"

Nikatafuta ile nyeupe, nikaiinua.